Maua ya Maweni

Leo mvua imeangukia mawe ya moto hapa Msuka, na harufu yake imenirudisha siku ile mama alipotoka eda ya baba. Alisikia kuwa maua mekundu yamechipua huku maweni Msuka baada ya ukame wa miaka, akataka kuyaona. Tukasafiri kutoka Mtambile kwa gari ya ami yangu, mdogo wake baba.

Maua yalisimama juu ya mawe makavu bila jani hata moja, laini kama tamvua za kitambaa. Mama alichuma moja, akalichomeka pembeni mwa mtandio wake, akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Ami akalichomoa. "Shemegi, kaka hajaoza ushajipamba? Unamtega nani?"

Akalisaga kwa kiatu. Mama hakujipamba tena mpaka tulipomzika mwezi uliopita.

Juzi ami, ambaye sasa ni mgonjwa, alimtuma mwanawe aje kuniomba radhi.

"Dada, lile ua halimtoki moyoni. Anaogopa kufa nalo."

"Basi na afe nalo," nikamwambia, nikammiminia chai.