Mvua ya Tabora na Blanketi la Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mvua ya siku ile niliitukana tangu nateremka kwenye treni. Enzi zile za Mwingereza nilikuwa kibarua wa mkonge upande wa Morogoro, na mfukoni nilikuwa na simu ya maandishi kutoka kwa mjomba: MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI. Kichwani nilijitwika sanduku la bati lililofungwa kamba, kwapani blanketi jekundu jipya. Kila barua ya mama ililalamikia baridi ya majira ya mvua, na kila mwaka nilimjibu kwamba nitaleta.

Pale sokoni lori la kwenda kwetu Choma lilikuwa limeshapakia, lakini dereva alikuwa amelala juu ya usukani. Barabara imefungwa, aliniambia. Kule mbugani udongo mweusi umelainika, gari likiingia halitoki. Nikamuuliza mpaka lini. Akanionyesha mbingu kwa kidevu, akalala tena.

Nilikuwa karibu kulia. Nilifikiria kwenda kwa miguu, kama babu zangu walivyokwenda na pembe za ndovu mabegani, ila mito ilikuwa imefurika na babu zangu hawakuwa na sanduku la bati. Nikakaa kwenye baraza la duka, sanduku kati ya miguu, nikimwona mama kitandani akiuliza kama nimefika. Kila tone lililoanguka nililiona limeanguka ili kunizuia mimi.

Kando yangu alikuwapo mama wa makamo akiuza chai na vitumbua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza kabila langu.

"Mnyamwezi," nikasema.

Akaweka birika chini. "Basi chukua shikamoo yako. Mimi Mzaramo. Mnyamwezi hajapata kuniamkia kwa adabu ila ana njaa."

Akainuka, akajitwika sinia, akaigiza nilivyotembea kutoka stesheni, shingo imezama mabegani, midomo ikiilaani mvua. Baraza zima likacheka. Mimi nilinuna, ingawa kumkasirikia mtani ni aibu.

"Sasa haraka ya nini, mtani?"

Nikamsomea simu. Akauliza kama mjomba amesema ni ugonjwa gani, nikamwambia hakusema. Akalitazama blanketi. Mara akalinyakua, akajifunika, akatoka nalo mvuani.

"Hili langu," akasema. "Mama yako hana baridi tena."

Nikamkimbiza. Watani huuana kwa maneno kila siku, nami nikamjibu kwamba yeye ndiye nitakayemzika, leo hii, kwenye mtaro wa soko. Tulilizunguka lori sijui mara ngapi, viatu vyangu vikabaki matopeni, dereva akaamka na kunishangilia. Kwa miaka minne nilikuwa sijainusa harufu ya udongo wa kwetu ukilowa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilifurahi, sina neno jingine, na hofu yote ya safari ikanitoka kwa muda ule.

Baadaye alinikalisha karibu na jiko, akalianika blanketi juu ya moto, akanilisha vitumbua na kukataa malipo. "Kula," alisema. "Huko hutakula."

Barabara ilifunguliwa kesho yake asubuhi. Alikuja lorini bila utani wowote, akalifungua sanduku langu, akaweka juu ya nguo kifurushi cha majani ya chai na sukari, akalifunga tena kamba.

"Nyumbani utakuta watu wengi. Wape chai."

Nilidhani ni watu wa kumuuguza mama. Njia nzima nilimwomba Mungu anifikishe mapema, na lori lilipokwama nilishuka kulisukuma kwa nguvu kuliko wote.

Kwetu aliye safarini haambiwi msiba. Huambiwa kuna mgonjwa. Hilo nililijua sana. Kule kambini kwenye mkonge niliwahi kumshika mwenzangu mkono kabla hajamaliza kusoma simu ya namna hiyohiyo. Yangu niliisoma kama ilivyoandikwa.

Nilipofika, mama alikuwa na siku tano tangu azikwe. Mvua ilikuwa imeshalaza udongo wa kaburi. Mama mdogo alinipokea mzigo huku wanawake wakiangua kilio, akalitandaza blanketi kwenye kamba ya nje kwa kuwa lilikuwa bado na unyevu, kisha akafungua sanduku ndani. Akakuta kile kifurushi juu ya kila kitu. Akakishika kwa muda, akanitazama.

"Kumbe ulishaambiwa," akasema.

"Niliambiwa Tabora," nikamjibu. "Mvuani. Nikacheka."