Dagaa Niliowavua kwa Simu

Nitausimulia mwenyewe mkasa huu, maana nikiwaachia watu wa Bangwe, kwetu Kigoma, wananiongezea mambo, wengine wanasema hata nililia. Sikulia. Niliaibika, hilo nakubali, niliaibika mchana kweupe mbele ya wanawake wenye mabeseni, mbele ya wavuvi wangu mwenyewe, na mbele ya walimu wawili waliopanda ndege kuja kumpima binti yangu. Lakini kulia, hapana. Jua lilikuwa kali tu.

Mimi ni mwenye boti. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaanza kuwaanikia watu dagaa mchangani, baadaye nikaanika wangu, baadaye nikanunua boti, na leo boti ni mbili na nyumba ya matofali iko Ujiji (na sijamwomba mtu hata chumvi). Kwa hiyo Tausi, binti yangu, aliponiambia anasoma masta, na si masta ya ualimu wala ya uhasibu, bali ya teknolojia na uongozi, kwa watu ambao tayari wana kazi zao, nilimuuliza swali moja tu: kumbe uongozi nao unasomwa? Mimi nimeongoza wanaume ziwani upepo wa kusini ukiturusha kama makopo, na hakuna aliyenipa cheti.

Akacheka. Akaniambia, "Ndiyo maana Baba nimeanzia kwako."

Nilivimba kichwa wiki nzima.

Tausi mchana yuko ofisini bandarini, jioni watoto wake wakishakula anakaa mbele ya laptopu na wenzake wa mikoa mingine, yupo nesi, yupo mwalimu mkuu, yupo mtu wa benki, wote watu wazima wenye ndoa na madeni, wanafundishwa humo humo kwenye kioo. Na masomo hayo hayaishii kwenye kuandika. Kila mmoja lazima atengeneze kitu kinachofanya kazi kwa watu wa kwao, kisha awaongoze watu hao wakitumie, na walimu waje kukiona kwa macho. Wakiridhika, umemaliza. Wasiporidhika, unarudia mwaka.

Yeye alichagua wanawake wa dagaa. Wanatoka Gungu, wanatoka mjini, alfajiri wako mwaloni, boti zinakotua, wanangoja, na siku boti zikirudi tupu wanarudi na mabeseni yao hivyo hivyo, wameshapoteza asubuhi na nauli. Tausi akatengeneza mfumo wa simu. Boti ikitua, nahodha au mwenye boti anabonyeza kwenye simu yake, hata ile ya kitochi, anaingiza mabeseni mangapi yamepatikana, na taarifa inakwenda. Inakwenda wapi? Hapo ndipo penyewe. Siku Tausi alipotukusanya mwaloni kutueleza, mimi nilikaa mbele kabisa kama baba mzazi, lakini alipofika kwenye hilo la inakwenda wapi, nikainuka nikaenda kusimamia chai na mandazi. Nilijiambia, huyu nimemzaa mimi, atanifundisha nini kuhusu dagaa?

Basi walimu wakapanga siku yao huko huko kwao, na siku hiyo ikaangukia mbalamwezi.

Kwa asiyejua: dagaa wetu tunawaita kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote ni taa, dagaa hawana haja na ya kwako, kwa hiyo boti zinapumzika, wavuvi wanashona nyavu na kulala. Tausi amekulia mchangani hapo, alijua. Nikamwambia awaombe walimu wasogeze siku. Akasema, "Hakuna haja, Baba. Nitawaonyesha mfumo ukiwa umenyamaza. Watu kukaa nyumbani siku isiyo na samaki, hiyo ndiyo faida yenyewe."

Mimi sikuona faida yoyote. Mgeni ametoka mbali hivyo, umkaribishe kwa mchanga mtupu na kioo kitupu? Kwetu mgeni akija na huna kitoweo, unakwenda kwa jirani kimya kimya, unarudi na kuku, mgeni anakula na hajui kitu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyofikiri, kwamba na kwenye hiyo laptopu nitamwazimia mwanangu kuku.

Asubuhi ya siku yenyewe nikajifungia chumbani, nikatoa simu, nikabonyeza kama tulivyoonyeshwa. Boti ya kwanza, mabeseni kumi. Nikayatazama yale kumi nikaona aibu, watu wamepanda ndege waje waone kumi? Nikafuta, nikabonyeza tena, arobaini. Halafu nikaona si haki boti moja ipate na nyingine ikose, nikaipa na ya pili arobaini yake. Nikavaa kanzu, nikajipaka manukato, nikaenda Bangwe nimeshiba furaha.

Walimu walikuwa wawili, mwanamume mmoja mpole aliyeshika kamera, na Dokta mwenyewe, msimamizi wa masomo ya Tausi, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya raba. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, Mzee." Tausi akawa amefungua laptopu juu ya meza tuliyoiweka kivulini, anaeleza kwamba leo ni mbalamwezi, kwa hiyo mtaona hakuna taarifa yoyote. Akageuza kioo wakione.

Kioo kimejaa.

Dokta akavaa miwani. "Hapa naona boti mbili, mabeseni themanini."

Tausi akatazama kioo, akatazama ziwa, akatazama boti zangu mbili zilizovutwa mchangani, kavu, na nahodha wangu Bukuru amelala kwenye kivuli cha mojawapo, mdomo wazi. Kisha akanitazama mimi. Nami badala ya kukaa kimya nikasema, "Mwenyezi Mungu hutoa wakati wake. Samaki wako njiani."

"Wako njiani na nini, Mzee?" Dokta akauliza, kwa upole kabisa. "Boti si hizi?"

Sijajibu, nikasikia bajaji. Nikafikiri ni moja. Zilikuwa msururu, na bodaboda nyuma yake, na wanawake wanashuka na mabeseni, na ndoo, na vikapu, wengine wanakimbia kabisa ili wawahi, na mbele yao Mama Shukuru wa Gungu, mwenyekiti wao, mwanamke ambaye akikohoa mwaloni hata injini zinasikiliza. Hapo ndipo nilipojua taarifa inakwenda wapi.

"Mwakeye, Mzee Sudi!" akapaza sauti, akiniamkia kwa Kiha. "Tumekuja! Tulibishana njia nzima, wenzangu wanasema mbalamwezi hii dagaa watoke wapi, nikawaambia Mzee Sudi hajawahi kutudanganya, labda kanunua taa ya kushinda mwezi. Haya, wako wapi?"

Bukuru akaamka, akajifuta mate. "Tajiri, kuna msiba?"

Wanawake wakaangua kicheko, lakini kile cha hasira. Mmoja akainua beseni akachungulia ndani ya boti yangu, akagonga ubao, ko ko ko. "Hodi humu, dagaa mpo?"

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikafungua mdomo nikasema jambo baya kuliko yote ya siku ile. Nikasema, "Hii ni mashine imekosea."

Dokta akageuka taratibu. "Unamaanisha mfumo unaweza kutuma taarifa ambayo hakuna mtu aliyeiingiza?"

"Mashine ni mashine," nikasema.

Akamtazama Tausi. "Hili ni zito. Kama ni hivyo, siwezi kuupitisha."

Tausi angeweza kufungua kioo kile akaonyesha namba ya simu yangu, ilikuwemo mle, nilikuja kujua baadaye. Hakuionyesha. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, nikavitazama vidole vyake, vidole vya mtu aliyekuwa akilala saa saba na kuamka saa kumi na moja ili asome, amlishe mume na watoto, aende kazini. Alikuwa tayari kurudia mwaka kuliko kuniumbua mbele za watu. Na mimi baba yake nilikuwa tayari arudie.

Nikavua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia.

"Nimebonyeza mimi," nikasema. "Mashine haina kosa. Nilikuwa chumbani kwangu, sikuvua hata dagaa mmoja. Nilitaka wageni wasikute patupu."

Mama Shukuru akadakia: "Yooo! Themanini, Mzee? Ungeanza hata na matano tukazoea!" Pwani nzima ikalipuka. Bukuru alicheka mpaka akaketi tena chini (mshahara wake nilimlipa, lakini salamu nilimnyima siku kadhaa). Yule mwalimu mpole naye alikuwa amegeuza uso kuelekea ziwani, mabega yanaruka.

Dokta peke yake hakucheka. Akamuuliza Tausi, "Sasa wewe kiongozi, unafanya nini?"

Tausi kwanza alikaa kwenye laptopu akatuma meseji kwa wote ambao bado walikuwa njiani, warudi, taarifa ya boti za Mzee Sudi si ya kweli. Jina langu likaenda hivyo hivyo, Kigoma nzima. Kisha akasimama mbele ya wanawake, akawaomba radhi, akasema kosa ni lake, aliwaamini wenye boti peke yao, akawauliza wao wangependa iweje. Akawa anauliza, anasikiliza, anauliza tena. Nilipotaka kuchangia akaniambia, "Baba, subiri kidogo," na nikasubiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi yake, na nikaona kwamba mimi wavuvi wangu nimewaamrisha miaka yote, sijawahi kuwauliza wangependa iweje.

Mama Shukuru ndiye aliyesema: taarifa ya mwenye boti isitoke mpaka mwanamke mmoja wa mwaloni aone samaki kwa macho yake naye abonyeze. Dokta akaandika. Alimpa Tausi kazi ya kurekebisha hilo na kulieleza upya, na mbalamwezi ilipoisha, boti zikarudi ziwani, wakaukagua mfumo wakiwa huko huko kwao, wakampitisha. Joho amelivaa, picha iko sebuleni.

Kwa hiyo siku hizi boti yangu ikitua, mimi mwenye mali nasimama pembeni nangoja Mama Shukuru apandishe khanga, achungulie ndani, atie mkono, anuse, anitazame usoni kama polisi wa barabarani, ndipo abonyeze. Siongei. Nimeapa, na wenzangu wenye boti nawaambia waape pia, sitamsaidia tena mtoto wangu kwa jambo ambalo sikukaa kulisikiliza mpaka mwisho. Na siku mabeseni yakiwa matatu, nasema matatu.