Tawi la Mkwaju Lililozaa Mno

Tawi lililonyongwa, linapozaa kuliko matawi yote ya mti wake, huzaa kwa shibe au kwa kuaga? Nilisomea misitu chuo kikuu, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kupanda juu ya miti ya watu wa Singida, kuipogoa, kuifunga na mara nyingine kuiangusha. Swali hili bado linanishinda. Naweza kueleza sukari inakotoka na inakokwenda. Siwezi kueleza kwa nini, nikisimama chini ya tawi la namna hiyo, nahisi kama niko mbele ya mtu anayegawa vitu vyake.

Dada yangu mkubwa alinipigia simu mwezi wa saba, wakati ambapo upepo wa kwetu huanza alfajiri na kuvuma hadi jua linapozama.

"Mdogo wangu, mkwaju unalia."

"Unalia vipi, dada?"

"Kama mlango mkavu. Ni lile tawi la shemeji yako. Njoo ulifunge vyuma, kama ulivyoufunga ule mti wa shuleni."

Anaishi Mungaa, katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Mkwaju ulikuwapo kabla ya nyumba. Shemeji alipoongeza chumba cha kulala upande wa mashariki, paa lilisogea hadi chini ya tawi kubwa kuliko yote. Juu ya tawi hilo, karibu na shina, alikuwa ametundika mzinga wa gogo. Mizinga yake mingine ilikuwa porini, mwendo wa nusu siku kwa miguu, na baada ya kifo chake ilichukuliwa na ndugu zake. Huu wa nyumbani ulibaki kwa dada. Nyuki wake walipita juu ya paa, wakashuka mashambani, wakarudi, na kwa miaka mingi hawakumsumbua mtu.

Niliposhuka kwenye bodaboda na mfuko wangu wa kamba, nilimkuta dada ameketi mlangoni mwa jiko. Pembeni yake alikuwa jirani, mpasua mbao wa kijiji, na msumeno wake wa injini ukiwa umelazwa kwenye gunia kama mtoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko mjini mnakula majani ya hiyo miti yenu?"

"Bwana miti kafika!" jirani akasema. "Sasa mkwaju utapimwa homa, upewe na vidonge."

"Na wewe umekuja kuuzika kabla haujafa," dada akamjibu.

Nikaelezwa mambo yalivyo. Wiki mbili zilizopita, upepo ulipozidi, tawi lilitoa mlio na vumbi la mbao likaanguka juu ya bati. Tangu siku hiyo dada alilala jikoni, mkeka wake ukiwa hatua mbili kutoka mafigani. Jirani alimshauri mti wote uangushwe kabla haujaua mtu. Dada alikataa. Hakutaka hata lile tawi liguswe, isipokuwa kwa kuliokoa.

Alinishika mkono akanipeleka upande wa mashariki. "Tazama mwenyewe," akasema.

Nikatazama. Matawi mengine yalikuwa na ukwaju wa kawaida, mafungu hapa na pale. Tawi lililofunika chumba lilikuwa limeinama kwa uzito. Maganda ya kahawia yalining'inia yakisuguana, na kila upepo ulipopita yalitoa sauti ya mvua ndogo ya mbali, mvua ambayo mwezi wa saba hakuna anayeitarajia. Nadhani nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Harufu ya jani chachu, jua la alasiri likipenya kwenye majani madogo, mlio ule wa mvua isiyokuwapo: ilikuwa kama kusimama ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

"Miaka mitatu tangu tumzike," dada akasema kwa sauti ya chini. "Na miaka yote mitatu linazidi. Yale mengine yanazaa kama miti. Hili linazaa kama limetumwa. Mimi najua nani kalituma."

Mtu wa kazi yangu akiona tawi moja linazaa mno, na majani yake yameanza kufifia rangi kabla ya mengine, haangalii matunda. Hutafuta mahali lilipobanwa.

Nilivaa mkanda, nikarusha kamba, nikapanda. Juu ya mti muda hauendi kama unavyokwenda ardhini. Sauti za watu hufika zikiwa zimepoteza makali. Niliona mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama bila vichwa, na mawe makubwa ya kwetu yaliyotapakaa hadi upeo wa macho kama ng'ombe waliolala wakicheua. Nilikaribia mzinga taratibu, nikakaa upande ambao upepo ungepeleka harufu yangu mbali na nyuki. Kisha nikaona uvimbe.

Ulikuwa pale pale mzinga ulipofungwa, mnene kama paja, umelizunguka tawi lote. Upande wa shina, tawi lilikuwa jembamba. Upande wa paa lilikuwa limefura. Katikati palikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji, nilipokwangua gome kwa ncha ya kisu, palikuwa na waya. Mti ulikuwa umeumeza. Mpasuko ulianzia hapo hapo, ukashuka chini ya tawi urefu wa mkono wangu.

Niliutambua waya ule. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipokuja likizo na kumkuta shemeji akisuka kamba za gome. Warina asali wa kwetu walitundika mizinga kwa kamba hizo tangu zamani: gome la miti ya miyombo linabanduliwa, linalowekwa, linapondwa, linasokotwa. Kila baada ya misimu michache kamba huoza na mpya hufungwa. Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza kwamba mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na nilikuwa na ujana wa mtu aliyejifunza jambo moja. Nikamwambia shemeji kwamba anaua msitu kwa ajili ya kamba. Likizo iliyofuata nikamletea koili ya waya kutoka mjini. Alicheka, akaupima waya kwa meno, akasema kwamba msomi ameleta kamba isiyokufa. Akaufunga mzinga wa nyumbani kwanza, ili aone.

Nilichosema juu ya magome kilikuwa kweli. Ambacho sikukifikiri ni kwamba kamba inayooza huuachilia mti kila inapooza. Ilikuwa desturi yenye msamaha ndani yake, na mimi nilileta kifungo kisichochoka.

Nikiwa pale juu nililifuata jambo hilo pole pole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Uhai wa mti si wa moyoni. Mbao za ndani kabisa zimekufa zamani, nazo ni mifupa tu. Mti huishi katika tabaka jembamba lenye unyevu, chini tu ya gome, na kila mwaka tabaka hilo hujiongezea unene kuelekea nje. Maji hupanda kwa njia ya ndani, kwenye mbao changa. Chakula kilichopikwa na majani huteremka kwa njia ya nje, katika gome laini. Tawi liliponenepa likakutana na waya, maji yaliendelea kupita, kwa hiyo lilibaki kijani na hakuna aliyeshtuka. Chakula ndicho kilichokwama. Tawi likakosa kuipelekea mizizi sukari, likabaki nayo yote, likaigeuza maua, na maua yakawa ukwaju. Nyuki wenyewe, katika mzinga uliofungwa kwa waya huo, ndio waliochavusha.

Jua lilikuwa limelegea. Majani ya mkwaju yakaanza kukunjana kama yafanyavyo kila jioni, na mimi nikabaki nimekaa. Nitaandika ukweli wa saa ile, kwa kuwa sioni faida ya kuandika kingine. Nilifikiri kulifunga vyuma. Ningepitisha bolti mbili kwenye mpasuko, ningefunga kebo kutoka shinani, na kazi ingeonekana nzuri kutoka chini. Dada angefurahi. Hakuna ambaye angeuona waya. Tawi lingekaa wiki kadhaa, pengine miezi, na lingeanguka siku ambayo mimi niko Singida Mjini nikipogoa mti wa mtu mwingine. Nililifikiria hilo kwa utulivu, na utulivu wangu ndio ulionitisha. Nikashuka.

Jikoni dada alikuwa amesonga ugali. Jirani hakuwa ameondoka. Alisema anasubiri hukumu. Tulinawa, tukala kidogo, kisha nikasema.

"Dada, kuna waya ndani ya lile tawi. Ni ule niliomletea shemeji."

"Naujua. Niliupokea mimi mlangoni. Ulikuwa umeuviringisha kwenye gazeti."

"Ndio uliolinyonga."

Alilitazama tonge mkononi mwake kama limekuwa zito. "Na ukwaju?"

"Unatokana na kunyongwa. Chakula kimezuiwa kurudi, kikawa matunda."

Akalirudisha tonge sahanini.

"Kwa hiyo miaka mitatu," akasema, "naamka, natazama juu, namshukuru mume wangu. Kumbe nashukuru waya."

Jirani alikohoa.

"Lakini mama," akasema, bila mzaha safari hii, "hata waya ulifungwa kwa mikono yake."

Dada alimgeukia. "Leo umesema jambo la maana. Kunywa maji usije ukaugua." Kisha kwangu: "Ukilifunga vyuma?"

"Litakaa muda. Siwezi kukwambia ulale chini yake hata usiku mmoja."

"Na huyu anasema mti wote."

"Mti ni mzima. Nimeugonga shina kwa nyundo ya mti kuzunguka lote, nimekagua mizizi. Tukitoa tawi tu, mahali panapostahili, utajifungia wenyewe. Mti hauponi kama mtu, dada, haurudishi nyama iliyooza. Hujenga kuta ndani, ukaacha ubovu nyuma ya kuta, ukaendelea."

"Kama wajane," akasema.

Alikusanya vyombo. Alipokuwa anainuka akasema, akiwa ametupa mgongo: "Ulikate wewe. Huyu na mashine yake asiliguse. Wala usinisubirishe, nikifikiri tena nitakataa. Kesho asubuhi."

"Na nyuki?"

"Nyuki hawajanyonga mtu. Watabaki."

Kukiwa bado na baridi ile inayouma vidole, kabla jua halijagusa miamba, tulianza na mzinga, kwa sababu baridi huwaweka nyuki ndani. Dada mwenyewe aliwasha kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kopo na kunipandishia kwa kamba. Mumewe hakuwahi kumruhusu kusogelea mizinga, na nilimwona akiupuliza moshi kwa umakini wa mtu anayetia saini. Nikaziba mlango wa mzinga kwa nyasi, nikakata waya upande wa chini, na jirani akaushikilia uzito wake kwa kamba iliyozungushwa shinani. Tuliuhamishia kwenye panda nyingine ya mkwaju huo huo, hatua nne tu, ili nyuki wasipotee. Nikaufunga kwa mkanda mpana wa mizigo ya lori, nikamwonyesha dada kifungo cha kuulegeza kila mwaka baada ya mvua. Alinirudishia maelekezo yote kwa sauti, kama mwanafunzi. Kisha nikatoa nyasi.

Tawi nililianza kutoka ncha. Kila kipande nilikifunga kamba kabla ya kukikata kwa msumeno wa mkono, na jirani akakiteremsha kando ya paa, ukwaju ukimwagika juu ya bati kwa kelele.

"Bwana miti, huu mti unakatwa au unanyolewa?"

"Shika kamba."

"Nimeshika. Naogopa tu jua litazama."

Kilipobaki kigutu cha urefu wa mkono, nilikata kwanza kutoka chini, kidogo, gome lisije likachanika hadi shinani. Kisha kutoka juu, mbele kidogo ya pale. Kipande kikadondoka kwenye kamba, kikabaki kigutu kifupi. Jirani akauliza kama apande na oili chafu ya injini ya kupaka kidonda. Nikamwambia asipake kitu. Mti unajua kazi yake kuliko oili.

Palibaki mkato wa mwisho. Pale tawi linapotoka shinani, gome hujikunja likawa kama kola ya shati, na ndani ya kola ndimo mti unamohifadhi nguvu ya kujifunga. Ukiikata umeukata mti. Ukiacha kigutu nje yake, unaachia ubovu mlango. Nilipapasa hadi nikaihisi. Chini dada alikuwa amesimama, kopo la moshi mkononi, akitazama juu.

"Hapo?" akauliza.

"Hapo."

"Haya."

Nikaweka msumeno nje ya kola, nikavuta pole pole hadi kigutu kikaachia. Nikakipitisha kiganja juu ya kidonda: cha mviringo, cheupe, chenye unyevu ukingoni. Nikateremka.