Kugonga Mara Mbili

Mimi mwenyewe sijui kukaa. Hata haya naandika nimesimama, daftari juu ya kabati, na nimeshatoka nje mara tatu kuangalia kama mvua inakuja, wakati sina hata shati moja kwenye kamba. Kwa hiyo siku mkurugenzi wa shule aliponipa wale watoto saba aliowaita *les distraits*, wasioweza kukaa na somo hata dakika tano, walimu wenzangu walicheka mpaka wakashika meza. Walisema kipofu amepewa vipofu awaongoze.

Ilikuwa Bukavu, miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya misheni, kijana mwenye suruali mbili na hasira nyingi. Mkurugenzi, bruda wa Kibelgiji, alikuwa amesikia kwamba najua judo, na aliamini judo hutuliza damu. Alinipa mpaka Pasaka. Ambaye hangetulia kufikia hapo angefukuzwa, na aliyefukuzwa kwetu hakupokelewa na shule nyingine. Njia yake ilikuwa moja tu, mashamba ya kinkina, kubandua magome ya miti ya dawa ya malaria.

Judo niliipata Nyalukemba, mtaa wa Wazungu. Mzungu mmoja kijana, fundi wa umeme, alikuwa ameisomea kwao, na huku hakuwa na mtu wa kumwangusha. Akaniona napita barabarani, akanipima kwa macho, akaniita. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, alinibwaga kwenye majani ya bustani yake huku mke wake akinywa kahawa barazani. Ilinikera, nisiseme uongo. Lakini siku moja nilimkaba shingo sawasawa, naye akanigonga begani mara mbili, nami nikamwachia palepale. Hiyo ndiyo sheria ya judo: mwenzako akigonga mara mbili unamwachia, awe nani. Siku hiyo nilipanda kurudi nyumbani karibu nikimbie. Mzungu alikuwa ameniomba nimwachie, na sheria ilikuwa moja kwake na kwangu.

Basi hiyo ndiyo niliyowafundisha watoto kwanza, kabla ya kusalimiana, kabla hata ya kuanguka. Nyuma ya karakana ya useremala tulitandika magunia ya kahawa tuliyoyajaza unga wa mbao. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Mmoja alipanda mti, wawili walipasua gunia kuona ndani, mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilitaka kuacha. Kila jioni nilitaka kuacha.

Kati yao alikuwapo mmoja wa kijiji cha Nyantende, aliyekuja kwa miguu kila asubuhi, mifuko imejaa panzi na mbegu na vipande vya waya. Hakuwa na roho mbaya. Macho yake tu yalikwenda kila mahali na miguu ikayafuata. Baba yake tayari alikuwa kinkina, vidole vimekakamaa kwa magome, na mama yake alikuwa amenijia mara moja kunisihi mtoto asimfuate baba. Na mtoto kama huyo, ukimshika kola, hana dirisha la kutazama. Mikono yako inamwambia uko wapi, na anasikiliza kwa mwili mzima. Nikimkaba, anagonga, namwachia, anacheka, anataka tena. Baada ya wiki nne aliweza kukaa robo saa nzima darasani, akiuma ulimi kwa juhudi. Nilimpenda, niseme wazi, kwa sababu nilijiona.

Wiki mbili kabla ya Pasaka ikanyesha mvua ya mawe. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa darasani kwangu akisoma imla. Yale mawe yalipoanza kupiga bati, mtoto wa Nyantende alitoka kwa dirisha kabla sijafungua mdomo. Alirudi kwa dirisha lilelile, amelowa, mashavu yamevimba kwa barafu, na jiwe moja kubwa kiganjani alilokuwa ananiletea mimi. Darasa zima lilicheka. Mkurugenzi hakucheka.

Ofisini aliniambia nichague: fimbo sasa hivi au mtoto aende kwao. Nikachagua fimbo. Nani angechagua kinkina? Kisha akaniambia nimshike mikono juu ya meza, kama walivyofanya walimu wote, nami nikamshika.

Pigo la kwanza lilipotua, mtoto aliniangalia. La pili lilipotua, nikasikia vidole vyake juu ya mkono wangu. Alinigonga mara mbili. Hakupiga kelele, hakuvuta mikono. Alingoja, kwa imani kabisa, kama alivyongoja juu ya magunia. Nikakaza mikono. Fimbo ikashuka, akagonga tena, taratibu zaidi, labda alidhani sikusikia mara ya kwanza. Mimi nikatazama kidau cha wino cha mkurugenzi mpaka kazi ilipokwisha. Baada ya hapo hakugonga tena.

Nilijiambia nimemwokoa. Usiku huo, na usiku mwingi uliofuata, nilijiambia hivyo nikizunguka chumbani.

Jumatatu alikuja kwenye magunia kama kawaida. Alisalimu, akaanguka vizuri, akasimama alipoambiwa. Nilimkaba kidogo, akalala kimya chini yangu mpaka nikaogopa na kumwachia mwenyewe. Darasani alikaa kama maji mtungini. Mifuko yake ilikuwa mitupu. Pasaka ilipofika mkurugenzi alinipa mkono mbele ya walimu wote, akasema njia yangu ni ya ajabu, akaniahidi watoto wengine saba. Nikasema merci.

Siku ya kufunga shule mama yake alikuja kutoka Nyantende na kikapu cha maharage. Alikuwa na furaha mpaka nikakosa pa kuweka macho yangu.

“Mwalimu, umenisaidia sana,” alisema. “Mbele mutoto alikuwa anajaza nyumba na makelele. Sasa iko anakaa tu, ata siku muzima. Ulimufanya namna gani? Iko na mudogo yake, ule naye hajue kutulia.”

Nilizunguka kikapu, nikarudi. Kisha nikamwambia yote, kwa sababu sikuweza tena kuyabeba.

“Maman, nilimushika mikono, directeur akamupiga. Aliniomba nimuachilie. Nilisikia. Sikumuachilia.”

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea habari njema kuliko alivyotarajia.

“Ulifanya muzuri,” akasema. “Mutoto asiposhikwa, fimbo inamupiga fasi mubaya, kwa kichwa ao kwa macho. Aksanti kwa kumushika.”

Akanisogezea maharage kwa mikono miwili, nami nikayapokea, maana kukataa kungekuwa kumtukana. Mtoto alikuwa ameketi ngazini muda wote huo, hatua mbili kutoka kwetu, mikono juu ya magoti. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa akingoja mmoja wetu amwambie asimame.