Kofia Isiyopimwa

Mimi hasira zangu ziko karibu. Anayeuza vitambaa Kariakoo atanielewa: mteja anakushushisha majora kumi, anayapapasa yote, kisha anasema anaenda kumwita dada yake. Badala ya kumjibu, nilizoea kuchukua kalamu ya wino yenye ncha nyembamba na kuchora kwenye maboksi. Naanza na nukta, nukta inazaa jani, jani linazaa jingine, mpaka boksi limejaa na moyo umetulia. Sipimi, sifuti, sijui ninakoelekea.

Mama mkwe wangu aliita hayo maparuzi ya kuku. Yeye ni mshonaji wa kofia za mkono, kule Magomeni, na kwao kila bwana harusi huvaa kofia aliyoishona yeye. Kofia huchorwa kwanza, kisha sindano hufuata mchoro. Mdogo wa mume wangu alipoposa, mzee aliyekuwa akimchorea mama alikuwa ameshahamia Tanga. Nikasema nitachora mimi. Mama akacheka mpaka akavua miwani.

Hata hivyo alinipa kitambaa cheupe, kimoja tu, akanieleza taratibu: kikunje sawasawa, weka alama, maua yalingane, mwisho ukutane na mwanzo. Na wino hautoki. Nikiharibu, shemeji yangu ataoa na kofia ya dukani, na mimi nitakuwa hadithi ya jikoni maisha yangu yote. Niliitikia kwa adabu. Halafu, kwa ubishi wangu, sikukunja. Nilikizungusha kwenye bakuli lililopinduliwa, nikaanzia mbele, pale panapokaa juu ya paji la uso, nikaenda kwa mwendo wangu.

Nilipomaliza kuzunguka, mbele kabisa likabaki pengo la upana wa kidole gumba. Ua haliingii, na kuliacha tupu ni kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Mama alikuwa ameketi mkekani, akaliona. Akavua miwani, safari hii bila kucheka, na hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

Nilitaka kuitupa kalamu. Mkono ukakataa; umezoea kwamba hasira ikija, nukta inafuata. Nikaweka nukta katikati ya pengo. Nikaizungushia mistari myembamba kama nywele, ikapanda, ikajikunja, ikashikana na mashina ya kulia na ya kushoto. Likatokea ua moja la asmini, refu, lisilofanana na jingine lolote pale, limesimama mbele kama vile yale mengine yote yalikuwa yakilisindikiza. Nilifurahi nikatamani kujipigia kigelegele.

Mama alikigeuza kitambaa huku na huku. Kisha akatunga uzi kwenye sindano.

Siku ya harusi wazee walimzunguka bwana harusi, wakamwinamisha kichwa, wakauliza nani kachora.

"Mkwe wangu," mama akajibu, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi.

Nilikuwa nyuma ya masufuria ya pilau. Nililia kidogo, kwa raha.

Wiki iliyofuata akaja dukani. Nikamwamkia, akaitikia, akawapita wateja na kutandaza kitambaa kingine cheupe juu ya majora yangu. Nikaanza kukikunja, aone kwamba safari hii nimesikia. Akanichapa kikofi cha mkononi.

"Acha kupima," akasema. "Chora."