Tangazo Wakati wa Kulinda Ndege

Mie si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Maneno hayo nilikuwa nayasema kwa sauti, tena kwa maringo, mwaka ule nilipoamua kununua nyumba. Nilikuwa nimepanga Kibiti mjini miaka mingi hadi wenye nyumba wangu wawili wakafa na wa tatu akahamia Dar, na kila mmoja tuligombana naye: huyu umeme, huyu maji, huyu kamba ya kuanikia nguo. Mie mjane, mwalimu wa shule ya msingi, watoto wameshashika njia zao. Nilichokitaka duniani ni mlango ambao nikishaufunga, hakuna mtu atakayeugonga kuniuliza nahama lini.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mtawanya. Ya matofali ya saruji, bati jekundu, vyumba vitatu mbele na kimoja uani. Mwenyewe, mzee mmoja mkulima wa korosho, alikuwa ameshafariki, na mtoto wake wa kiume ndiye mahakama ya mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi. Huyo mtoto alikuwa na haraka ya kwenda Mbagala kufungua biashara, na bei aliyoitaja ilikuwa ya mtu mwenye haraka. Mtu mwingine angekimbilia kulipa. Si mie.

Nilipekua nyumba ile kama ninavyopekua madaftari ya wanafunzi walionakiliana. Nilikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya nikajaza fomu ya upekuzi, nikarudi, nikaambiwa faili halijaonekana, nikarudi tena, mpaka karani akiniona getini anasema, "Mwalimu, leo lipo." Hati ni ya kweli au ya kuchonga? Ya kweli. Kuna rehani ya benki? Hakuna. Kuna zuio la mahakama? Hakuna. Kuna kesi? Hakuna. Nikawafuata majirani wa pande nne, nikatembea nao kwenye mipaka, wakanionyesha mawe, nikayagusa moja moja kwa mkono wangu. Walimu wenzangu walinicheka. Wakasema mwaka huu nimeacha kufundisha, nimekuwa wakili. Nami nilifurahi kuchekwa, maana nilijua wao wakinunua wataliwa.

Haya, sasa nifike pale ninapoona aibu kufika.

Siku niliyokwenda kuikagua nyumba kwa ndani, yule msimamizi alinitembeza chumba hadi chumba. Tulipofika kile cha uani, kilikuwa na kufuli. Akasema, "Hii stoo tu, mwalimu."

Stoo! Mlango ule niliujua. Kwenye kizingiti chake nilikaa Jumamosi zisizo na idadi, kichwa changu kati ya magoti ya shoga yangu, nikisukwa nywele mtindo wa twende kilioni huku tukisengenya nusu ya Kibiti. Kile kilikuwa chumba chake, na yeye ni dada wa huyo muuzaji, baba mmoja, mama mbalimbali. Aliachika kijana, akarudi kwa baba yake, baba akampa chumba cha uani, na miaka yote ile aliishi humo akisuka watu nywele. Mzee alipougua, ni yeye aliyekuwa akimgeuza kitandani, si huyu wa Mbagala. Yote hayo niliyajua. Nikamtazama yule mwanamume, naye akanitazama, kisha nikainamia daftari langu nikaandika: stoo.

Baadaye nikaiona karatasi ya mahakama yenye orodha ya warithi. Jina lilikuwa moja, la msimamizi mwenyewe. Mtu anayegusa mawe ya mpaka kwa mkono anawezaje kulipita jina ambalo halipo? Sikulipita. Niliuliza. "Na mwenzio je?" Akasema, "Yule ana kwao kwa mama yake, Delta. Tumeshamalizana naye." Kwa muuzaji mwingine ningesema leta karatasi, leta sahihi, leta mashahidi. Siku ile nilisema, "Aa, vizuri." Nilishaanza kupanga kabati la vyombo nitaliweka ukuta gani.

Ilibaki hatua moja. Ofisi ya kijiji ilitakiwa kubandika tangazo ubaoni kwamba nyumba fulani inauzwa, mwenye pingamizi ajitokeze. Siku za tangazo zikipita kimya, mauziano yanaidhinishwa. Mtendaji wa kijiji alikuwa mtu wa Singida, mpole, mwangalifu, hata mwaka hakuwa ametimiza kwetu. Akaishika ile karatasi, gundi iko mezani, akasita.

"Mwalimu," akasema, "wewe mzaliwa wa huku. Mimi bado najifunza misimu yenu. Nisije nikabandika tangazo wakati watu hawapo. Kipindi hiki watu wapo?"

Ewe msomaji, kama kwenu si Rufiji utasema swali hilo ni dogo. Ngoja nikueleze. Ulikuwa wakati ambao mpunga umetoa masuke na ndege wameanza kushuka. Wakati huo mtu mwenye shamba bondeni au Delta, kule mto unakoingilia baharini, hakai nyumbani. Anafunga mlango, anabeba sufuria na mkeka, anakwenda kuishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, na huko anapiga kelele na kuvuta kamba za makopo kutoka alfajiri hadi jua linazama, mwezi, miezi miwili, mpaka avune. Akiondoka siku moja, ndege wamemaliza chakula cha mwaka. Njia nzima ya kuja ofisini nilikuwa nimepita milango yenye makufuli. Shoga yangu mwenyewe alikuja kuniaga kabla hajaenda kupanda mashua, akaniambia, "Nywele zako zivumilie, nikirudi nakusuka."

"Watu wapo," nikamjibu mtendaji. "Bandika tu."

Maneno mawili, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Miaka yote darasani nawaambia watoto wa watu kwamba mwongo anajulikana kwa macho, nami nilimtazama yule baba wa watu machoni, naye akapaka gundi.

Nilipita pale ubaoni kila jioni. Kona moja ya karatasi ilipobanduka kwa mvua, niliibandika mwenyewe. Ndiyo, nilihakikisha tangazo linasomeka vizuri, katika kijiji kisicho na wasomaji. Siku zikaisha. Pingamizi, hakuna. Mtendaji akagonga muhuri, nikalipa, msimamizi akanipa funguo zote isipokuwa ya kile chumba cha uani, akasema vitu vya dada yake vimo, atakuja kuvichukua. Kesho yake alikuwa Mbagala. Mie nikahamia na kabati langu. Kile chumba sikukivunja kufuli, na kwa hilo, Mungu anisamehe, nilijiona mtu mwema.

Alirudi asubuhi moja ya Jumapili. Nilikuwa jikoni nageuza maandazi. Nikasikia "Hodi" ya sauti iliyokauka, maana msimu mzima wa kufukuza ndege unamwacha mtu hana koo. Nikatoka. Kasimama uani, kaungua na jua, kakonda, kiroba cha mpunga mpya kiko chini miguuni kwake.

"Haa! Shoga!" akacheka kwa sauti yake hiyo ya mikwaruzo. "Mie ndiyo kwanza nafika, wewe umeshaingia mpaka jikoni! Umejuaje kama narudi leo?"

Alidhani nimekwenda kumtembelea.

Maandazi yakaungua, nikayasikia yanaungua. Mwisho nikasema, "Shoga, nyumba imeuzwa. Nimenunua mie." Akakaa juu ya kile kiroba. Akaangalia mapazia yangu madirishani, akaangalia viatu vyangu mlangoni.

"Wewe?"

"Mie."

Akasema, "Alhamdulillahi. Afadhali wewe kuliko mgeni." Halafu, taratibu, "Na chumba changu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Badala yake, mwalimu mzima, mpenda karatasi, nikamwambia kesho twende ofisini kwa mtendaji atueleze taratibu. Usiku ule akalala chumbani kwake, mie nikalala chumbani kwangu, na sikulala.

Mtendaji alipomsikiliza, uso ulimbadilika. Akafungua jalada kwa haraka. "Lakini mama, tangazo lilikaa siku zote. Kwenye mirathi jina lako halipo, sikujua kama kuna mtoto mwingine." Akavuta pumzi. "Sikia. Kama wakati ule hukuwepo kijijini, niambie. Naandika leo hii, unakwenda nayo mahakamani, mauziano yanasimama mpaka haki yako ijulikane. Hata kama nitalaumiwa, nalaumiwa." Kisha akanigeukia mie, si kwa kunishitaki, bali kama mtu anayeomba msaada. "Nilimuuliza mwalimu hapa. Nilimuuliza kabisa kama watu wapo."

Shoga yangu akageuza shingo akanitazama.

Nilijua neno lake moja tu, nyumba sina. Nilijua pia kwamba neno langu moja tu, yeye ana haki yake. Tulikuwa wawili tuliokaa kwenye benchi moja, kila mmoja na neno lake mdomoni, na la kwangu nikalimeza. Woga? Tamaa? Vyote, na nisijipunguzie.

"Nilikuwepo, bwana mtendaji," akasema. "Nilikuwa na shughuli zangu tu. Ubaoni sikupita."

"Una uhakika, mama?"

"Nilikuwepo."

Yule baba akapangusa jasho. Akaandika karatasi fupi kwamba mama huyu hana pingamizi, akaisoma kwa sauti, akaigeuza upande wake. Kalamu ya ofisi ilikuwa imekauka wino. Nikafungua mkoba nikampa shoga yangu kalamu yangu. Akaandika jina lake herufi moja moja, kwa utulivu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la pili, nami nikakaa nikamtazama mpaka akamaliza.

Nje nilishindwa kuvumilia. "Mbona umesema ulikuwepo?"

"Ulitaka nikuvunjie nyumba?" akasema. "Wewe ambaye ulinitafuta?"

"Nilikutafuta?"

"Nilipofika bandarini Nyamisati simu ikakamata mtandao, ujumbe ukaingia kwamba ulinipigia. Mwezi ule ule wa tangazo. Nimekaa jana usiku nimeupigia hesabu, nikasema kumbe shoga yangu alitaka kunipa habari, mtandao ndio ulionikosesha. Kaka yangu wa damu hakunipigia hata siku moja. Mwenye nia mbaya angenipigia ili iweje?"

Ni kweli nilipiga. Mara moja, siku ile ile tangazo lilipobandikwa, nimesimama kwenye baraza ya shule. Simu yake nilijua inakaa imezimwa hadi arudi Nyamisati, kwa sababu huko kwenye madungu hakuna mtandao wala pa kuchajia, na yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza. Nilipiga ili siku nikiulizwa niseme nilipiga. Yule mwanamke wa mitambo aliposema namba haipatikani kwa sasa, nilishusha pumzi, nikarudi darasani.

Nilimtazama pale barabarani. Koo lake lilikuwa bado limekauka, macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakukuwa na kinyongo humo, hata nikitafuta.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikutafuta sana."

Akanishika mkono, tukarudi Mtawanya. Mchana ule ule akaita bajaji ya mizigo ya kumpeleka Dimani kwa shangazi yake. Alikuwa na sanduku, sufuria tatu, kiti chake cha kusukia, na kitanda cha mninga ambacho mtu mmoja hawezi kukitoa mlangoni. Nikashika upande wa miguuni. Tulipokwisha kupakia, akarudi uani akakivuta kile kiroba cha mpunga hadi mlangoni kwangu, akasema mtu akihamia nyumba mpya haendewi mikono mitupu. Nikakipokea, nikasema ahsante.