Kumshona Hajji kwenye Picha

Mimi ni mpiga picha wa Tanga, na wakati ule viwanda vilivyokufa vilikuwa vimenikaa kichwani. Nilikuwa nimemaliza vile vya mkonge vya kwetu, vyenye popo na magugu, nikasikia kwamba juu ya Kasese, magharibi ya Uganda, kuna machimbo ya shaba yaliyofungwa na chuma chake kinauzwa skrepa. Nikaona nisipokwenda sasa nitakuja kupiga picha ya hewa. Mume wangu akacheka: "Wenzio wanakwenda Dubai, wewe unafuata kutu!" Nikafunga begi langu.

Basi kutoka Kampala lilinishusha Kasese jioni, na asubuhi yake pikipiki ikanipandisha bondeni kando ya mto uliojaa mawe ya mviringo. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Baluku, aliyekuwa akiendesha winchi iliyovuta mabehewa ya mawe kutoka shimoni. Kifua chake kibovu. Akipanda ngazi tatu, anasimama kwanza.

Picha pana haipigwi mara moja. Unasimika kamera kwenye stendi, unapiga, unaizungusha kidogo, unapiga tena, kila picha iume ukingo wa iliyotangulia, halafu kompyuta inazishona zote ziwe moja. Nilimpandisha Baluku kwenye msingi wa zege palipokuwa na winchi yake. Nyuma yake mabanda hayana mapaa, reli zimezama nyasini, na juu ya bomba kubwa mtu kaanika shuka za watoto. Nikamwambia asimame katikati. Akakataa.

"Hapa kando yangu acha nafasi."

"Nafasi ya nani, mzee?"

"Ya Hajji Sadi."

Hajji Sadi, akanieleza, ni rafiki yake wa tangu ujana, mwenye malori huko Bwera, mpakani na Kongo. Siku winchi ilipouzwa, lori lililokuja kuichukua lilikuwa la Hajji. Baluku akamwita mwizi mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hawajasemezana.

"Yeye ilibeba tu," Baluku aliniambia, akitazama zege. "Walimpa kazi, akafanya. Mimi nilikuwa na uchungu ya chuma, nikatupia mutu. Nenda umulete tusimame wote. Mimi kifua haiwezi."

Nami, mdomo wangu usiojua kukataa, nikaitikia.

Njia ya Bwera inapita Kikorongo, malori yanapopumzika, kisha inarudi kuikumbatia milima. Uwanja wa Hajji uko nyuma ya soko. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa ghala, kanzu na kofia, wapagazi wakishusha magunia ya kahawa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mutu anakuita mwizi mbele ya batu, kisha anatuma kamera? Miguu yake iko wapi?"

"Kifua kinamsumbua, Hajji."

"Siku ya kutukana kifua ilikuwa muzima!"

Wapagazi wakaangua kicheko. Nilijiuma mdomo, astaghfirullah, maana nami nilitaka kucheka. Kisha Hajji akaweka kofia yake sawa.

"Nipige hapa hapa. Si unasema mashine yako inashona? Basi utushone. Mu picha tutakuwa pamoja. Mu roho, bado."

Nikampiga. Nikarudi Kasese, nikakaa na kompyuta kwenye nyumba ya wageni, na sijisifu, ila kazi yangu naijua: wazee wawili bega kwa bega, bonde lote limewazunguka, mshono huuoni hata ukiutafuta. Niliona fahari, halafu nikaona vibaya.

Asubuhi nilimwonyesha Baluku. Alicheka mpaka akakohoa, akamgusa Hajji kwa kidole kwenye kioo. Kisha akauliza, "Amesema nini?" Nilitamani kumpunguzia, lakini nikamwambia yote.

"Amesema kweli," akasema, akachukua koti lake. "Twende."

Nilikodi gari. Njiani tulisimama mara kwa mara apate pumzi. Tulipofika Bwera kiti kilikuwa kitupu. Hajji alikuwa amevuka mpaka alfajiri na mzigo kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na Hajati, mkewe, hakujua atarudi lini. Akabonyeza simu yake, akamnyooshea Baluku.

"Hapana, Hajati. Ile neno sikusema kwa simu."

Akavua kofia, akawageukia wapagazi.

"Batu yote munisikie. Mimi ni Baluku wa winchi. Nilimwita Hajji Sadi mwizi mbele ya batu. Ilikuwa uongo. Hajji haikuiba kitu."

Magunia yakatuliwa chini. "Tumesikia, muzee," akasema mmoja. Hajati akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nililia waziwazi. Iliniuma, jamani: uwanja mzima umesikia, na mwenye neno lake yuko ng'ambo anabishana na watu wa forodha.

Tulingoja hadi jua likapinda na kifua cha Baluku kikaanza kupiga mluzi. Kabla ya kuondoka nikasimika stendi katikati ya uwanja, nikazunguka na kamera: malori, wapagazi, Hajati, Baluku na kofia mkononi, na kando yake kile kiti. Mahali palikuwa haba, lakini hakuna aliyekikalia.

Nimesharudi Tanga. Picha za bondeni zimesifiwa sana, na ile ya mshono nimeifuta. Nilikwenda kuwahi chuma kabla hakijaisha, kumbe cha kuwahiwa ni watu. Picha ya uwanjani nimeituma Bwera na Kasese, na Bwera hawajajibu. Najuta kwamba sikumpelekea Baluku picha usiku ule ule, tukamwahi Hajji kabla hajavuka.

Siku ile garini, tukiondoka Bwera, nilipomwona Baluku amejikunyata, nilimwambia kumweka Hajji kwenye kile kiti ni kazi ndogo, sura yake ninayo. Akanishika mkono.

"Hapana, mutoto yangu. Kiti iache wazi. Atakuja kukaa mwenyewe."